Kadi Yako ya Homa ya Manjano Haijaisha Muda Wake

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja, dada anayefanya biashara ya vitenge na anayejiandaa kwa safari ya Lubumbashi, aliniuliza kama analazimika kuchanjwa upya dhidi ya homa ya manjano, kwa kuwa kadi yake imepita miaka kumi na wenzake wamemwambia kwamba imeisha muda. Jibu langu kwake, na kwa kila mmoja wenu mwenye kadi kama hiyo, ni kwamba halazimiki. Dozi moja kamili humkinga mtu mwenye afya njema kwa maisha yake yote, na kadi aliyopewa siku ile inatambulika kwa maisha yake yote. Hata hivyo sitaishia hapo, kwa sababu msafiri anayeijua kanuni lakini hawezi kuitetea mpakani atalipa sawasawa na yule asiyeijua, na mimi nimeona watu wakilipa.

Nilichanjwa mwaka 2011 jijini Dar es Salaam, kabla sijaanza kupeleka mchele na kurudi na vitenge. Kadi yangu, kama kadi nyingine za wakati ule, iliandikwa kwamba ni halali kuanzia siku ya kumi baada ya sindano hadi mwaka 2021. Mwaka huo ulipokaribia nilikwenda kituo cha chanjo nikiwa na fedha ya dozi ya pili, na muuguzi mmoja mtu mzima akanirudisha. Aliniambia, "Mama, hii uliyonayo ni ya maisha, fedha yako kaongezee mtaji." Kisha akanionyesha Kiambatisho cha 7 cha Kanuni za Afya za Kimataifa, yaani sehemu inayohusu cheti cha chanjo hii, akanishauri nichapishe nakala yake kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, niiweke ndani ya pasipoti. Namshukuru hadi leo.

Mwaka jana nakala hiyo ilinifaa katika mpaka mmoja ambao sitautaja. Ofisa kijana wa dirisha la afya aliitazama kadi yangu, akaweka kidole kwenye mwaka 2021, akaniambia nichague kati ya kuchanjwa palepale kwa malipo na kurudi nilikotoka. Abiria wenzangu kadhaa walikuwa wameshatoa fedha na kupanga foleni ya sindano, na wengine wakanisihi nimalize mambo kwa sababu basi lilikuwa linatusubiri. Nilimjibu kwa heshima, "Mwanangu, kanuni ilibadilika mwaka 2016, soma hapa." Hakusoma. Aliniita mbishi mbele ya watu wa umri wa wanangu, na neno hilo bado linaniuma, kwa maana sikuwa nikibishana naye. Nilikuwa nikimwonyesha karatasi inayoongoza kazi yake mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi nikaomba aitwe mkubwa wake. Basi liliondoka na mizigo yangu. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka mkubwa huyo alipofika, akaisoma nakala ya Kifaransa kuanzia juu hadi chini, akagonga muhuri kwenye pasipoti yangu na kunipa pole. Nilipita bila sindano na bila kutoa hata shilingi, nami najivunia siku ile kuliko faida ya safari nyingi nilizofanya.

Kilichonisikitisha zaidi ya jina nililopewa ni ile foleni. Nilikaa pale muda wa kutosha kuona kwamba hakuna aliyekuwa akiulizwa jambo lolote kabla ya kuchomwa. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na hukuzwa ndani ya mayai ya kuku yenye vifaranga vinavyoanza kuumbika. Ndiyo maana mtu mwenye mzio mkali wa mayai, mama mjamzito, mama anayenyonyesha mtoto mchanga, mtu ambaye VVU vimeshusha sana kinga yake, na mtu aliyevuka miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza wanapaswa kuzungumza na mtaalamu kwanza. Kumchoma mtu dozi asiyoihitaji, bila kumuuliza hata kama ana mimba, ni jambo ambalo mimi siwezi kuliita huduma ya afya, na yeyote atakayekutendea hivyo una haki ya kumkatalia.

Sasa niieleze kanuni yenyewe ili uweze kuisema kwa kinywa chako. Mwaka 2013 jopo la wataalamu wa chanjo la Shirika la Afya Duniani lilipitia ushahidi uliokusanywa tangu chanjo hii ilipoanza kutumika katika miaka ya 1930. Zaidi ya dozi milioni 600 zilikuwa zimetolewa duniani, na katika idadi hiyo kubwa walijulikana watu 12 tu waliougua homa ya manjano baada ya kuchanjwa. Wote 12 waliugua ndani ya miaka mitano tangu wachanjwe. Lifikirie jambo hili kwa makini: kama kinga ingekuwa inachakaa kadiri miaka inavyosonga, wagonjwa wangejitokeza zaidi miongoni mwa waliochanjwa miaka 15 au 30 iliyopita, lakini hawakujitokeza huko. Mwaka 2014 nchi wanachama zilikubali kukirekebisha Kiambatisho cha 7, na kuanzia tarehe 11 Julai 2016 cheti cha chanjo hii ni halali kwa maisha yote ya mwenye nacho. Mabadiliko hayo yanazihusu kadi mpya na kadi za zamani vilevile, hata zile zilizoandikwa mwisho wa miaka kumi. Nchi inaweza kumdai msafiri cheti. Haiwezi kukikataa kwa sababu tu miaka kumi imepita.

Watu wengi huniuliza inawezekanaje sindano moja ikadumu kiasi hicho, wakati chanjo nyingine tunarudishwa kila mara. Baada ya kuchanjwa, mwili hutengeneza kingamwili nyingi, yaani protini za kupambana na vijidudu, ambazo huzunguka katika damu, kisha hupungua katika miezi inayofuata. Lakini seli za kumbukumbu, zile zinazomkumbuka adui, hubaki, na seli nyingine hukaa ndani ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, zikiendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo kwa miongo mingi. Wazee wetu walikula mahindi ya ghalani mwaka mzima huku mbegu ya kupandia ikining'inia juu ya moshi wa jiko. Ghala lilipopungua, mbegu ya msimu ujao ilikuwa bado ipo. Virusi hai vya chanjo hii, aina ya 17D iliyotokana na kazi ya Max Theiler na wenzake katika maabara ya New York, ambayo Theiler alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1951, huongezeka mwilini kwa siku chache kama ugonjwa wenyewe ungefanya, bila kuleta ugonjwa huo, na kwa hiyo huacha kumbukumbu nzito. Surua nayo iko hivyo. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alipelekwa katika visiwa vya Faroe wakati wa mlipuko wa surua, akakuta kwamba wazee walioupata ugonjwa huo mwaka 1781 hawakuupata tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita na visiwa hivyo havikuwa na surua katika kipindi chote hicho.

Pepopunda ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba mnisikilize, hasa wanaume. Chanjo yake haina mdudu hai. Ina sumu ya bakteria iliyoondolewa makali. Sumu halisi ya pepopunda huua kwa kiasi kidogo sana, kidogo kiasi kwamba hakitoshi kuuamsha mwili ujenge kinga, na kwa sababu hiyo hata mtu aliyeugua pepopunda akapona lazima achanjwe, la sivyo anaweza kuugua tena. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watu kwa miaka mingi na kuona kwamba kingamwili za pepopunda hupungua kwa nusu katika kila miaka 11 hivi, wakati zile za surua karibu hazipungui. Tena sumu hii hufanya kazi kabla seli za kumbukumbu hazijapata muda wa kuzalisha kingamwili mpya, kwa hiyo kinga lazima iwe tayari katika damu siku unapokanyaga msumari. Hiyo ndiyo sababu ya dozi za marudio, na ukiielewa hutababaishwa tena na mtu anayekuambia kwamba chanjo zote ni za miaka kumi.

Kuelewa huku kutakusaidia katika chanjo nyingine pia. Chanjo ya homa ya ini B, ukimaliza dozi tatu, hudumu miaka 30 na zaidi bila nyongeza kwa mtu mwenye kinga nzuri, kwa sababu virusi hivyo huchukua wiki nyingi kabla ya kuleta ugonjwa na kumbukumbu ya mwili hupata nafasi ya kuamka. Kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba hata dozi moja inafaa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 20. Kinga ya kipindupindu ya matone ni fupi: dozi mbili hukinga angalau miaka mitatu. Ile ya kawaida ya homa ya matumbo inayochomwa hurudiwa kila baada ya miaka mitatu. Chanjo ya mafua hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi vyenyewe hubadilika, na UVIKO-19 una tabia ya kufanana na hiyo: kinga dhidi ya kuambukizwa hushuka ndani ya miezi, ile dhidi ya kuugua sana hukaa zaidi, na nyongeza huwafaa kwanza wazee na wenye maradhi ya kudumu. Kwa kichaa cha mbwa, hata uliyewahi kuchanjwa kikamilifu ukiumwa na mbwa unatakiwa kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni na kwenda hospitali bila kuchelewa, kwa sababu utahitaji dozi mbili za nyongeza.

Narudi kwenye homa ya manjano, kwa sababu ipo nafasi ya kusema kwamba wako wanaohitaji dozi ya pili, na sitaki mtu asome maneno yangu kwa haraka. Aliyechanjwa akiwa mjamzito, aliyechanjwa akiwa na VVU, na aliyepandikizwa uboho baada ya kuchanjwa wanashauriwa kuongea na daktari kuhusu kurudia, kwa kuwa miili yao huenda haikujenga kinga ya kutosha au imeipoteza. Kuhusu watoto wachanga utafiti unaendelea: nchini Mali, karibu nusu ya watoto waliochanjwa wakiwa na miezi tisa hivi hawakuwa tena na kingamwili za kutosha baada ya miaka minne na nusu. Tena kuna ndugu zetu wa Kinshasa. Mwaka 2016, mlipuko ulioanzia Angola ulipoimaliza akiba ya dharura ya dunia, ambayo ilikuwa dozi milioni sita, mamilioni ya wakazi wa Kinshasa walipewa moja ya tano ya dozi ili chupa zilizopatikana ziwafikie wote. Uamuzi ule ulikuwa sahihi na uliwakinga, lakini dozi hiyo pungufu haikuhesabiwa kwa cheti cha kimataifa, na aliyeipata anahitaji dozi kamili kabla ya kusafiri.

Mlipuko huo unapaswa kutufikirisha sisi wafanyabiashara tunaovuka mipaka. Zaidi ya watu milioni 30 wa Angola na Congo walichanjwa kwa dharura, na chupa hazikutosha. Kila dozi anayochomwa mtu aliyekwisha kukingwa ni dozi ambayo mtoto wa kijiji fulani hakuipata. Kwa hiyo ninapokuambia usikubali kuchanjwa tena bila sababu, sikuambii kwa ajili ya mfuko wako peke yake. Kwa upande mwingine, ninyi mnaonunua kadi stendi bila kuchomwa sindano mnajua ninachofikiri: mnarudi nyumbani mkiwa hamna kinga, mnalala katika mitaa yenye mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya manjano, na mnaweza kuwaletea jirani zenu ugonjwa usiokuwa na dawa ya kuutibu. Nendeni mkachanjwe kihalali, na mwende mapema, kwa kuwa cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi.

Kwa aliye na kadi halali ya zamani, ushauri wangu ni mchache. Usiifute wala usiiandike upya tarehe iliyomo, maana kadi iliyochezewa haitetewi na kanuni yoyote. Chapisha Kiambatisho cha 7, ongea kwa adabu, omba mkubwa wa zamu, na uondoke nyumbani ukiwa na muda wa ziada.

Kisha uiangalie pepopunda yako. Wanawake waliohudhuria kliniki ya wajawazito huwa na kadi yenye nafasi tano: ya pili hutolewa wiki nne baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya hapo, ya nne mwaka mmoja baadaye, na ya tano mwaka mwingine. Mbili hukinga kwa kipindi kisichozidi miaka mitatu, tatu hufikisha miaka mitano, nne hufikisha kumi, na tano humtosha mwanamke kwa umri wake wote wa kuzaa. Wengi wenu mliishia mbili, na wanaume wengi hamjapata hata moja tangu zile za utotoni. Mpangilio huo hauanzi upya hata kama miaka mingi imepita. Unaendelea pale ulipoachwa, kwa hiyo mwenye mbili aende kuomba ya tatu.