Jibu: Nimeripoti basi linalojaza abiria, bado linaachiwa

Habari ndugu. Umesema umeripoti mara tatu basi linalosimamisha abiria hadi mlangoni, na kila mara linaachiwa. Pole sana, yalinikuta pia.

Angalia kwanza uliripoti nini. Mimi nilikuwa nasema tu "limejaza". Likikaribia kizuizi cha polisi, waliosimama wanaambiwa wachuchumae, na ushahidi umekwisha. Nilipoandika namba ya usajili, tarehe, saa, kituo na idadi ya waliosimama, kisha nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri, ndipo nikaitwa na basi likakaguliwa.

Tairi usizisahau. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa msimbo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2316 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Piga picha basi likiwa limesimama. Abiria watateremshwa kabla ya ukaguzi, tairi kipara litabaki palepale.

Ila usibishane na dereva njiani, nakuomba. Mwendo ukiwa maradufu, breki zinahitaji umbali mara nne kulisimamisha gari, na dereva mwenye hasira hukanyaga mafuta. Ukiona anazidisha, shuka kituo kinachofuata hata kama nauli imepotea.