Kilomita zinadanganya: maswali yenu ya baiskeli, milimani na kando ya bahari

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya njia za vilima na za pwani, nimeyafupisha maana kuna mkuu mmoja kaniandikia kurasa mbili nzima kuuliza kitu cha mstari mmoja. Haya twende.

Nimezoea kupiga kilomita 80 za tambarare bila shida. Juzi nimeenda njia ya vilima kilomita 50 tu, nimerudi hoi, siku mbili sishuki ngazi. Nina tatizo gani?

Huna tatizo kaka, una kipimo kibaya. Kilomita peke yake milimani hazisemi kitu, cha kuangalia ni mita za kupanda kwa jumla, ile namba ambayo programu ya ramani inaiweka pembeni na watu wanaipita kama hawajaiona. Mie huwa nagawanya mita za kupanda kwa kilomita za njia nzima: ikija 10 hivi kwa kila kilomita najua hiyo ni njia ya vilima kweli, ikifika 20 basi ni mlima na naenda nimejipanga. Hiyo 50 yako kama ilikuwa na mita 1,000 za kupanda, basi usiilinganishe kabisa na 80 za tambarare.

Halafu watu wanasema si unashuka pia, mteremko unakurudishia. Haurudishi! Piga hesabu: unapanda kilomita 10 kwa spidi ya 15, unashuka hizo hizo 10 kwa spidi ya 45. Ukifikiri haraka utasema wastani ni 30. Wastani ni 22.5, kwa sababu kupanda kumekula dakika 40 na kushuka dakika 13 tu, yani ule muda ambao mtu wa spidi ya 30 angemaliza kwenda na kurudi, wewe umeumalizia kwenye kupanda peke yake. Na mteremkoni nguvu uliyoihangaikia unaigawa bure kwa upepo.

Kingine, asilimia ya wastani nayo usiiamini sana. Asilimia 8 maana yake unapanda mita 8 kila unapoenda mita 100. Alpe d'Huez kule Ufaransa ina kona 21 na kama kilomita 13.8, wastani ni kama asilimia 8, na ni mlima unaopanda mfululizo kwa hiyo hapo wastani unasema ukweli. Ila kuna kimlima cha kilomita 5 kimeandikwa asilimia 4, unaenda umejiachia, kumbe ndani yake kuna tambarare na kamteremko, halafu mwisho kuna ukuta wa asilimia 12. Angalia mchoro wa mlima, ule mstari wa kupanda na kushuka kwenye programu ya ramani, kabla hujatoka.

Mbele nina gia za meno 50 na 34, nyuma gia kubwa ni meno 28. Mlima wa asilimia 10 nasimama kabisa. Ni miguu au ni gia?

Gia, kwa sehemu kubwa. 34 kwa 28, tairi la kawaida la baiskeli ya barabarani linatembea kama mita 2.1 kwa mzunguko, kwa hiyo ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika unaenda karibu kilomita 10.7 kwa saa. Kwenye asilimia 10 hiyo spidi ni kubwa kwa mtu wa kawaida, hauiwezi, basi unakanyaga polepole kwa nguvu mpaka goti linalalamika. Weka 34 nyuma, mizunguko ile ile 70 inakupa kama 8.8, hapo unapumua. Kabla hujanunua hakikisha tu kile kibadilisha gia cha nyuma kinaweza kubeba meno 34, vingine vifupi haviwezi, na mara nyingi cheni nayo itabidi iwe ndefu kidogo. Wapo watakaokucheka kwamba hiyo ni gia ya wazee. Waache, utawakuta juu wamekaa wanatafuta pumzi.

Magoti yangu hayapendi milima kwa hiyo likizo nataka njia ya kando ya bahari. Pwani si ni tambarare?

Dada yangu, hapa ndo watu wengi wanaumia. Pwani ya mchanga na mito mipana ndiyo, mara nyingi ni tambarare. Pwani ya miamba ni kitu kingine kabisa! Kila kijito kinachoingia baharini kimejichongea bonde lake, na barabara inashuka mpaka darajani, inavuka, inapanda tena, mita 60 hivi, halafu kijito kingine, tena na tena. Mara 20 za mita 60 ni mita 1,200, umeshapanda zaidi ya Alpe d'Huez na hujaona mlima hata mmoja. Na mbaya zaidi hupati mdundo, mlima mrefu unakuachia ukae kwenye gia moja na pumzi moja, huku pwani kila dakika tano unaanza upya.

Lakini usiogope kila namba utakayoona. Programu za ramani zinachukua urefu wa ardhi kwenda juu kwa vipande, sasa kwenye genge la miamba kipande kimoja ni bahari na cha pembeni yake ni juu mita 100, barabara inapita katikati, programu inahesabu umepanda na kushuka wakati wewe upo tambarare unapiga miluzi. Mahandaki na madaraja marefu ni hivyo hivyo. Ukiona mchoro una mawimbi laini, hiyo milima ni ya kweli. Ukiona meno ya msumeno yaliyosimama wima, ni kosa la ramani.

Sasa mlima wa kweli wa pwani ni upepo. Mchana jua likipiga, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya bara inapanda juu, ile ya baharini inaingia kujaza nafasi, ndo maana asubuhi pametulia na saa nane mchana unapigana. Na gharama ya upepo haiongezeki kidogo kidogo, nguvu unayohitaji kushindana na hewa inapanda kwa mchemraba wa spidi, yani spidi mara mbili ni nguvu mara nane, kwa hiyo kuongeza spidi kidogo tu kunakugharimu sana. Kule Cape Town yale mashindano makubwa ya kilomita 109 yalifutwa mwaka 2017 siku yenyewe ya mashindano kwa sababu ya upepo, maelfu ya watu wameshajiandaa. Kwa hiyo toka mapema, anza kwa kwenda upande upepo unakotoka wakati bado una nguvu, urudi nao mgongoni. Ukiwa na mwenzio pokezaneni mbele, anayejificha nyuma anafaidi sana. Na kama una rimu zenye ubavu mpana, zile za mwonekano, siku ya upepo wa ubavuni ziache nyumbani, unatoka tu nyuma ya ukuta wa mwamba unashtukia uko katikati ya barabara.

Nazunguka kisiwa, nianzie upande gani?

Upande utakaokuweka kando ya bahari. Mnapoendesha kushoto zunguka kwa mwendo wa saa, mnapoendesha kulia zunguka kinyume. Unapata mandhari, unasimama kupiga picha bila kukatiza barabara, na njia za pembeni zinazokuingilia ni chache maana upande wako ni maji. Ila kama upepo wa eneo una mwelekeo mmoja muda mwingi, upepo una kura ya kwanza. California wanaopiga barabara ya pwani wengi wanatoka kaskazini kwenda kusini, hapo wana bahati, upepo na bahari vyote viko upande wao.

Mteremkoni naogopa, nashika breki mwanzo mwisho mpaka vidole vinauma na panakuja harufu ya kuungua. Nifanyeje?

Kuogopa endelea nako, kunasaidia. Kushikilia breki ndo acha. Ukibana kidogo kidogo muda wote joto halina pa kwenda, na kama breki zako ni zile za kubana rimu, rimu inachemka na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu sekunde chache, achia, acha ipoe, bana tena. Breki ya mbele ndo inafanya kazi kubwa, usiiogope, ila maliza kupunguza spidi kabla ya kona, ukiwa tayari umelala kwenye kona achana nayo. Shika hendeli chini kwenye zile pembe, vidole vinapata nguvu zaidi na uzito wako unashuka.

Macho sasa. Mie mara ya kwanza kuanguka kwenye kona nilikuwa nautazama mtaro, nawaza nisiingie mtaroni, nikaingia. Angalia kona inapotokea, mguu wa nje chini na uukanyage haswa. Barabara ikiwa imelowa kwepa mistari myeupe na mifuniko ya chuma. Na juu kabla hujashuka vaa koti, una jasho na huko chini hutakanyaga, mikono ikiganda hata breki huwezi kuibana.

Siku mbili tu pwani na cheni imekuwa nyekundu!

Chumvi hiyo. Kila jioni maji baridi yasiyo na chumvi, bila presha kubwa, kausha cheni, oili kidogo, futa inayobaki nje. Bomba la siti lichomoe mara moja moja ulipake upya mafuta au pesti ya kuzuia kushikana, hasa likiwa la kaboni ndani ya fremu ya aluminiamu, maana vikishikana na chumvi hapo kati havitaachana.

Njia yangu ina vyote, bahari na mlima, duara moja. Nianze na kipi?

Mie naanza bahari alfajiri, kumetulia, magari hakuna. Saa tatu hivi nakata kuelekea bara naanza kupanda kabla jua halijachachamaa, na kama nina bahati upepo wa bahari nao unaamka unanisukuma mgongoni. Kurudi upepo utakuwa usoni ndiyo, lakini si unashuka, acha upige.