Wasomaji Wanauliza: Sola juu ya paa, nani atalipia waya?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za sola, na nyingi zimeandikwa kwa hasira. Nimechagua zile zinazogusa watu wengi, nyingine nimefupisha kidogo. Majina hatuweki.

Swali: Habari ya kazi mhariri. Niko Kitengela, nimeweka sola ya kilowati 5 kwa nyumba. Mchana watu wote wako kazini na watoto shule kwa hivyo inazalisha mingi kuliko tunavyotumia. Nimesikia siku hizi unaweza kurudishia Kenya Power zile za ziada lakini ati ukiwapa yuniti mbili wanakuhesabia moja tu. Sasa hiyo si wizi? Juu hiyo hiyo yuniti wanamuuzia jirani yangu bei nzima. — *Baba wa watatu, Kitengela*

Jibu: Baba, hasira yako naielewa, lakini hebu tuanze na sheria alafu tuje kwa pesa.

Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 162, ndo ilisema mtu mwenye mtambo wake usiozidi megawati moja anaweza kuandikiana mkataba na kampuni ya stima, akichukua inahesabiwa, akirudisha inahesabiwa. Sheria ikakaa miaka mitano bila kanuni za kuitekeleza, watu wanauliza wanaambiwa ngoja, mpaka kanuni zikatoka 2024. Na ni kweli zinasema nusu, yuniti moja unayopeleka unaandikiwa 0.5. Pesa mkononi hupati, unapata yuniti za kupunguzia bili yako, zisipoisha mwezi huu zinaenda mwezi ujao, lakini mwaka wa fedha ukiisha zilizobaki zinafutwa.

Tufanye hesabu ya nyumba yako. Kilowati 5 huko Kitengela siku ya jua zuri inakupa kama yuniti 20. Tuseme mchana friji na pampu zinakula 8, zile 12 zinatoka kwenda kwa waya, unaandikiwa 6, na usiku hizo 6 ndo zinawasha taa na TV na kupiga pasi. Kwa hivyo si kwamba umetoka bure.

Je nusu ni wizi? Mimi nasema hapana, ila pia sio haki kamili, na nitakuambia kwa nini naona hivyo. Bei ya yuniti unayonunua sio bei ya stima peke yake. Aprili 2023 bei mpya zilipotangazwa, nyumba inayotumia zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi iliwekewa shilingi 20.97 kwa yuniti, na hapo hujaongeza gharama ya mafuta, ya dola, VAT ya asilimia 16 na ile asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini. Ndani ya hiyo 20.97 kuna nguzo, kuna transfoma, kuna yule jamaa anayepanda nguzo usiku kwa mvua. Sasa angalia mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, mkataba wake wa kuiuzia Kenya Power ni senti 7.52 za yuro kwa yuniti, ukibadilisha ni kama bob 11 hivi. Nusu ya 20.97 ni ngapi? Hapo hapo. Ina maana wewe wa paa unalipwa karibu sawa na yule mwenye mitambo mikubwa, na hiyo sio bei ya kutupwa.

Lakini sasa sikiza upande mwingine, na hapa nakuunga mkono. Stima ya Turkana inasafiri zaidi ya kilomita 400 kwa laini mpaka Suswa ndo ianze kutafuta nyumba za watu, na kwa jumla zaidi ya asilimia 20 ya stima Kenya Power wanayonunua inapotea kabla ya kuuzwa, nyingine kwa joto la waya, nyingine kwa wanaojiunganishia. Yako inatoka kwa paa inaingia kwa jirani kupitia transfoma moja. Haijabeba gharama ya hiyo safari. Kwa hivyo nusu iwe mahali pa kuanzia, sio mahali pa kubaki. Na ile ya kufuta yuniti mwisho wa mwaka wa fedha sikubaliani nayo hata kidogo. Yuniti umezipeleka, zimetumika, zimelipiwa na mtu mwingine, unafutaje deni lako kwa sababu tarehe imefika? Bunge na EPRA, ile mamlaka inayosimamia kawi, wakirudi kuangalia hizi kanuni hapo ndo waanzie.

Kwa saa hii, yuniti unayotumia mwenyewe inakuokolea bei nzima, ile unayopeleka inakuokolea nusu. Pampu ya maji, mashine ya kufua, pasi, maji ya moto, zote zisukume saa nne mpaka saa tisa mchana. Hiyo peke yake inashinda kubishana na kanuni.

Swali: Shikamoo mhariri. Mimi ni mpangaji Kayole, natumia tokeni za mia mia. Hii maneno ya sola naona ni ya watu wa Karen na Runda wenye paa zao. Nimeambiwa wao wakipunguza kununua stima, Kenya Power itapandishia sisi tuliobaki ili ipate pesa yake. Ni kweli ama ni propaganda? — *Mama Kayole*

Jibu: Marahaba mama. Umeuliza swali ambalo ningependa wakubwa wetu waliulize kila siku. Jibu ni kwamba hiyo hatari ipo, ni ya kweli, lakini wanaokuambia ni sola peke yake wanakuficha mengine.

Zamani kwa bili kulikuwa na standing charge ya bob 150, kila mwezi, utumie usitumie. Iliumiza sana watu wa kipato kidogo, unapata mtu ametumia stima ya 80 analipa zaidi ya mara mbili ya hiyo, na 2018 ikaondolewa, mimi nilifurahi kabisa. Ila matokeo yake ni kwamba gharama ya waya na nguzo ilimezwa ndani ya bei ya yuniti. Ukinunua yuniti nyingi unachangia waya sana, ukinunua kidogo unachangia kidogo. Sasa mwenye sola kubwa ananunua kidogo, lakini waya bado anauhitaji, juu jua likizama saa kumi na mbili na nusu anarudi kwa gridi, yaani waya za Kenya Power, kama sisi wote, na saa moja mpaka saa tatu usiku ndo wakati nchi nzima inapika, inaoga, inaangalia habari, ndo wakati stima inahitajika zaidi kuliko saa zote. Ni kama kisima cha mtaa, mtu amejichimbia chake kwa boma lakini kiangazi kikikaza anakuja na mtungi kwa kile cha wote, sasa pampu ya kile cha wote inatengenezwa na nani?

Na wasiwasi mkubwa zaidi sio hata Karen. Stima nyingi ya Kenya Power inanunuliwa na viwanda na biashara, na hao ndo wameanza kujizalishia. Chuo kikuu cha Strathmore waliweka kilowati 600 juu ya paa zao 2014, Garden City pale Thika Road wakaweka 858 juu ya maegesho 2015, na baada ya hapo viwanda vingi vikafuata, vya chai, vya simiti, vya maua. Hao wakubwa bei yao ndo inasaidia wewe unayetumia chini ya yuniti 30 ulipe bei ya chini, ile iliyokuwa 12.22 kwa tangazo la 2023. Wakipunguza kununua, lazma hiyo nafasi ijazwe na mtu.

Pakistan tunaona hii ikitokea. Mwaka 2024 peke yake waliingiza paneli za karibu gigawati 17, juu stima ya gridi ilikuwa ghali sana, na mikataba ya mitambo mikubwa bado inadai kulipwa, mtambo uzalishe usizalishe. Mzigo huo unabaki kwa asiyeweza kununua paneli. California nao walibishana miaka mingi, mwisho Desemba 2022 tume yao ikapitisha kwamba wateja wapya kuanzia katikati ya Aprili 2023 malipo ya stima wanayorudisha yashuke kwa karibu asilimia 75. Kazi ya kufunga sola ikaanguka, mafundi wakaachishwa. Sioni kama hiyo ndo njia, kukata ghafla hivo.

Lakini mama usikubali mtu akuambie bili yako iko juu kwa sababu ya paneli za jirani. Kumbuka upepo wa Turkana, mitambo ilikuwa tayari 2017, laini ya kutoa hiyo stima ikachelewa mpaka Septemba 2018, na huo muda wote serikali ilibidi ilipe faini kwa stima ambayo hakuna taa hata moja iliwaka nayo. Kuna mikataba ya zamani ambapo tunalipia uwezo wa mtambo hata ukikaa kimya. Ndo maana 2021 kukaundwa jopo la kuangalia hiyo mikataba na Januari 2022 bei ikashuka asilimia 15. Vitu kama hivi vilikuwa vinakubana kabla sola za paa hazijawa kitu.

Mimi msimamo wangu ni huu, na najua wasomaji wangu wengine wenye sola hawataupenda. Gharama ya waya itolewe ndani ya bei ya yuniti iandikwe peke yake kwa bili, kila mtu aione, na ilipwe kulingana na ukubwa wa laini uliyoomba. Kiwanda kilipe ya kiwanda, nyumba ya Runda yenye jiko la stima na bwawa ilipe ya ukubwa wake, na wewe wa chini ya yuniti 30 usilipe hata shilingi. Hapo mwenye sola akipeleka yuniti anaweza kuandikiwa karibu yuniti nzima bila kukuumiza, kwa sababu waya ameshaulipia. Saa hii kila upande unahisi unaibiwa na kila upande una kasehemu ka ukweli, juu hesabu zimechanganywa ndani ya namba moja.

Jambo la mwisho mama. Huu mfumo wa kurudisha stima umeundwa ukifikiria mtu mwenye paa lake na mita yake. Nenda Kayole, nenda Pipeline, nenda Likoni, majumba ya ghorofa saba, juu kuna matangi na kamba za nguo, na chini kuna familia sitini kila moja na mita yake ya tokeni. Hakuna landlord atakayeweka paneli ili wapangaji wapunguziwe bili, hana faida nayo. Kama serikali inataka sola isiwe ya matajiri, itunge kanuni ya paa moja kugawia mita nyingi, landlord apate kitu na mpangaji apate kitu. Barua ya kuomba kanuni hiyo nimeamua kuiandika mwenyewe kwa EPRA na nitawaomba wasomaji waweke sahihi.

Swali: Mbona stima ikipotea mchana na sola yangu pia inazima, na jua liko hapo linawaka? Nilidanganywa na aliyeniuzia? — *Mwenye saluni, Kisumu*

Jibu: Kama uliuziwa mfumo wa kuunganishwa na gridi bila betri, hujadanganywa ila hukuelezwa. Inveta ya aina hiyo, kile kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani, ikihisi gridi imezima lazma nayo izime, ndo isije ikapeleka stima kwa waya ambao fundi wa Kenya Power ameushika akijua umekufa. Ni maisha ya mtu hayo. Ukitaka kuendelea kukausha nywele za watu wakati wa blackout unahitaji inveta ya haibridi, ile inayofanya kazi na gridi na betri pia, betri yenyewe, na swichi ya kukutenganisha na gridi kabisa. Baada ya ile Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza hadi uwanja wa ndege wa JKIA, watu wengi waligundua wakiwa wamechelewa. Uliza kabla ya kulipa.

Swali: Fundi ameniambia hakuna haja ya kuandikisha popote, niunganishe tu sola na mita itarudi nyuma yenyewe. Ni sawa? — *Kijana wa Nakuru*

Jibu: Si sawa, na huyo fundi mwambie akuonyeshe leseni ya EPRA. Kwa sola ya kuunganishwa na gridi anatakiwa awe wa daraja la T3, sio kila anayeweza kufunga balbu. Alafu mita nyingine za tokeni hazijui stima imetoka ama imeingia, zinahesabu yote kama umetumia, kwa hivyo unapeleka stima yako na unakatwa tokeni juu yake. Mpaka uwe na mkataba na mita ya njia mbili, ile inayohesabu stima inayoingia na inayotoka, mwambie aiseti inveta isitoe chochote nje.

Swali: Ninunue saa hii ama ningoje sheria ikae vizuri? Mara VAT inawekwa kwa paneli mara inatolewa, mtu hajui ashike wapi. — *Mwalimu, Kilifi*

Jibu: Mwalimu, ni kweli walituyumbisha, 2020 wakaondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, 2021 wakarudisha. Lakini usinunue kwa kufuata kanuni, nunua kwa kufuata matumizi yako ya mchana. Angalia mita saa mbili asubuhi, angalia tena saa kumi jioni, fanya hivyo wiki moja ukijumlisha Jumamosi na Jumapili, tofauti ya kila siku ndo yuniti ambazo sola yako inafaa kutoa kwa siku. Mfumo wa kiasi hicho utakulipa hata kama hakuna yuniti moja utakayorudishia mtu. Ukitaka kuongeza, chukua inveta inayokubali betri baadaye, na paneli zifungwe na nati za chuma kisichoshika kutu, juu hiyo chumvi ya bahari ya kwenu inakula chuma cha kawaida haraka sana.