Unataka fundi akuchongee gitaa la jazi? Mweleze kwanza unapigia wapi

Ukimpelekea fundi picha ya gitaa unalolitamani, ataitazama kwa adabu, ataiweka kando, kisha atakuuliza unapigia wapi na nani. Jibu lako ndilo litakaloamua unene wa mbao, kina cha boksi (yaani mwili wa gitaa), mahali pa pikapu (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye amplifaya), na bei pia. Nazungumzia achitopu, lile gitaa la jazi lenye ubao wa mbele uliochongwa ukabinuka kama wa fidla, na matundu mawili ya umbo la f. Mimi nilichongewa la kwangu hapa Marekani. Naishi Minneapolis na wikiendi napiga mikahawani, na kila nikienda nalo Dar, wapigaji wenzangu hunibana kwa maswali. Basi haya ndiyo ninayowajibu.

Gitaa hili lilizaliwa ili lisikike bila umeme. Kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la L-5 mwaka 1922, enzi za mbunifu wake Lloyd Loar kiwandani Kalamazoo, Michigan, likiwa na upana wa inchi 16. Bendi zikakua, tarumbeta na saksafoni zikaongezeka, na mwaka 1934 ikaja Super 400 yenye inchi 18, kwa sababu njia pekee ya kushindana na tarumbeta ilikuwa kuongeza ukubwa wa boksi. Mpiga gitaa Freddie Green aliingia bendi ya jazi ya Count Basie mwaka 1937 akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1987, akipiga kodi tu (nyuzi kadhaa kwa pamoja), bila amplifaya, nyuzi zikiwa juu sana ya shingo. Mtu wa namna hiyo anahitaji ubao mwembamba unaotetema kwa uhuru.

Lakini mwaka 1936 ES-150, gitaa la umeme la Gibson, ilikuwa imeshatoka, na mpiga gitaa Charlie Christian akaonyesha gitaa lenye umeme linaweza kupiga solo mbele ya bendi nzima. Tangu hapo achitopu ina kazi mbili zisizopatana, na fundi hawezi kukupa zote kwa ukamilifu. Ubao unaotetema vizuri bila umeme ndio huohuo utakaopiga mluzi ukikaa karibu na spika. Ukiutoboa ubao huo ili pikapu ikae ndani yake, kama ilivyokuwa kwenye L-5 ya mpiga gitaa Wes Montgomery, uzito wa pikapu unautuliza: mluzi unapungua, na sauti ya mti nayo inapungua. Pikapu inayoelea, ile inayoning'inizwa mwisho wa shingo au kwenye kinga ya vidole bila kugusa ubao, huiacha sauti ya mti ilivyo, ila kwenye ukumbi wenye kelele utahangaika.

Nilichagua inayoelea, maana napiga na mwimbaji na besi ya kusimama, hatuna ngoma. Ungekuwa wewe ndugu yangu wa bendi ya dansi, umezungukwa na magitaa mengine mawili, tumba, na spika zenye urefu wa mtu, ningekwambia usichongewe achitopu ya mbao nzima kabisa. Tafuta ya plaiwudi. Wapo wanaolicheka neno hilo, lakini ES-175 ya Gibson iliyotoka mwaka 1949 ni ya plaiwudi, na wapigaji wa jazi Joe Pass na Jim Hall waliipigia kazi iliyowapa majina. Plaiwudi haisumbuki sana na mluzi wala hali ya hewa, na gharama yake ni ndogo.

Sasa mwili wako. Fundi mzuri ni kama fundi cherehani, hakati kitambaa kabla hajakupima. Wa kwangu alinikalisha kwenye kiti kisicho na mikono, akanipa magitaa yake moja baada ya jingine, akanywa kahawa yake huku ananitazama. Hakuniuliza lipi linasikika vizuri. Alikuwa anaangalia bega langu la kulia linavyopanda ninapokumbatia boksi kubwa. La inchi 18 lilinipandisha bega mpaka karibu na sikio, na la 17 lenye boksi nene lilikuwa nafuu kidogo tu. Tukaishia inchi 16 na kina cha chini ya inchi 3. Kwenye karatasi nisingechagua hivyo hata siku moja, kwani nilikuwa nimeshaota lile kubwa.

Kwa hiyo nenda na gitaa unalolipiga kila siku, hata kama ni la bei ya chini, umwonyeshe unapolipenda na linapokuudhi. Upana wa shingo kule karibu na kichwa, unene wake nyuma, urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja, kile kipande kinachozibeba nyuzi juu ya ubao (inchi 25 na 25.5 zinatofautiana vidoleni kuliko unavyodhani), yote hayo yapimwe kwenye gitaa halisi. Mwambie pia unatumia nyuzi gani. Wengi wetu kwenye jazi tunaweka nyuzi laini zisizokwaruza, seti ya 12 au zaidi (namba ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi), na ubao huchongwa kwa kuzingatia mvuto wa nyuzi hizo. Ukimficha kwamba unapenda nyuzi nyembamba za 10, atakuchongea ubao ambao nyuzi zako hazitauamsha.

Kuhusu mbao watu hubishana usiku kucha. Desturi ni mti wa sprusi mbele, na mti wa mepo nyuma na ubavuni. Ubao wa mbele huchongwa kutoka gogo lililopasuliwa katikati, ukabaki na takriban milimita 6 katikati na 3 pembezoni, na fundi huendelea kuugonga na kuukwangua mpaka sikio lake liridhike. Fundi Bob Benedetto aliwahi kutengeneza gitaa zuri kwa mbao za msonobari za ujenzi, vifundo vikionekana, ili kuonyesha kwamba mkono wa fundi unatangulia mti. Namwamini. Fundi akianza kukuuzia mbao kabla hajakusikia ukipiga, aga uende.

Pamoja na hayo, nilikuwa na ombi moja la mti: ubao wa vidole uwe wa mpingo. Wengine hutumia ebony, ambao ni mti mwingine, lakini mpingo wetu wa Kilwa na Lindi ndio dunia inaotengenezea klarineti na obo, na nilitaka vidole vyangu viukanyage. Fundi alikuwa nao stoo. Kama una ombi la namna hii, jua habari za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mpingo uko kwenye jamii ya Dalbergia, ambayo yote iliwekwa kwenye orodha ya pili ya mkataba huo (inayotaka vibali) Januari 2017, na kwa muda wanamuziki walihangaika mipakani. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Mti wa rosewood wa Brazili ni habari nyingine, uko orodha ya kwanza, iliyo kali zaidi, tangu 1992, na msamaha huo hauuhusu. Huo, pamoja na pembe za ndovu na magamba ya kasa, kataa kabisa kama unasafiri. Omba risiti inayotaja kila mti uliotumika.

Fedha. Achitopu ya kuchongwa kwa mkono na fundi anayeheshimika inaanzia maelfu kadhaa ya dola na kwa majina makubwa inapita 20,000. Utatoa arubuni, mara nyingi robo hadi nusu ya bei, na utasubiri mwaka au zaidi. Andikeni makubaliano: malipo yanafuata hatua gani ya kazi, arubuni inarudi au hairudi ukibadili mawazo, siku ngapi za kulijaribu gitaa likifika, na fundi akiugua au akifariki mbao na fedha zako zinakuwa wapi. Swali hilo la mwisho linaonekana la uchuro, lakini mafundi wengi ni wazee wanaofanya kazi peke yao. Fundi mashuhuri John D'Angelico alipofariki mwaka 1964, magitaa yaliyokuwa hayajakamilika kwenye karakana yake ya New York yalimaliziwa na James D'Aquisto, mwanafunzi wake. Si kila karakana ina D'Aquisto.

Mapambo yaache mwisho. Lulumizi, ngazi za dhahabu kichwani, mistari saba ya ukingo, vyote hivyo ni saa za kazi, na saa hizo unazilipia wewe. Mimi niliomba rangi ya kahawia isiyokoza na jina la mama ndani ya tundu la f, pasipoonekana na watu.

Likishakamilika, adui ni hewa. Gitaa linapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Minneapolis wakati wa baridi, hita zikiwaka, nyumba inakauka, ubao unasinyaa na kuzama, nyuzi zinashuka na kuanza kuvuma kwenye freti (vile vyuma vya shingoni), na usipoangalia mbao zinapasuka. Dar ni kinyume chake: unyevu mara nyingi unapita asilimia 70, ubao unavimba, nyuzi zinapanda, vidole vinachoka. Kama gitaa litaishi pwani, mwambie fundi kabla hajaanza, naye atakuwekea daraja lenye skrubu za kupandisha na kushusha. Nunua kipima unyevu kidogo kikae ndani ya kasha.

Kwenye ndege kasha liwe gumu, na nyuzi zilegezwe kidogo tu. Daraja la achitopu halina gundi, limeshikiliwa na mkandamizo wa nyuzi, kwa hiyo ukizitoa zote kwa pamoja litahama na gitaa halitakaa kwenye sauti mpaka ulirudishe mahali pake. Badilisha uzi mmoja mmoja, na weka alama ndogo za penseli kwenye miguu ya daraja. Miezi ya kwanza mbao bado zinajipanga, shingo itasogea kidogo, na marekebisho ya mwaka huo yaingizwe kwenye bei tangu siku mnayoandikiana.