Kwa nini gurudumu la bembea linasimama mkiwa juu?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Sikukuu ya Idi niliwapeleka wanangu kwenye lile gurudumu kubwa la bembea lililoletwa Tangamano, hapa Tanga. Kijana anayeliendesha alipakia kiti kimoja, akaruka kadhaa, akapakia kingine. Sisi tukaachwa juu tunaning'inia, kiti kinayumba. Mota ilishindwa? Na niendelee kuwapandisha watoto? (Mama wa wawili, Chumbageni)

JIBU: Mama, mota ilikuwa nzima, na kijana huyo anaijua kazi yake. Gurudumu la namna hii halitegemei mota kuwanyanyua watu wote. Uzito wa wanaoshuka upande huu huwapandisha walio upande wa pili, mota ikabakiwa na kazi ndogo tu.

Tuseme kutoka kwenye ekseli, yaani mhimili wa katikati, hadi kwenye kiti ni mita 6. Wakikaa watu wazima wawili wa kilo 70 kila mmoja, na upande wa pili hakuna mtu, ni sawa na kutundika kilo 840 umbali wa mita moja kutoka kwenye ekseli. Mota itaelemewa, na breki ikiachiwa upande wenye watu utashuka wenyewe kwa kasi. Ndiyo maana anapakia kiti, anazungusha nusu, kisha anapakia kile kinachokabiliana nacho. Hata gurudumu la mhandisi George Ferris kule Chicago, Marekani, mwaka 1893, lenye vibanda 36 vya watu 60 kila kimoja, lilisimama mara sita katika mzunguko wa kwanza ili lipakie, ndipo likazunguka mfululizo.

Kuyumba nako kusikutishe. Kiti kimetundikwa kwa pini zilizo juu ya uzito wa abiria, kwa hiyo hujirudisha chenyewe. Wakatazeni tu vijana wanaokitikisa makusudi.

Linaloninyima raha kwa mji kama Tanga ni chumvi. Upepo wa bahari huiingiza pale rangi isipofika: ndani ya matundu ya pini, chini ya nati, kwenye maungio ya kuchomelea. Kwa nje chuma kinang'aa, ndani kinaliwa. Tena haya magurudumu ya kuhamahama hufunguliwa na kufungwa kila mji, na vile vibanio vidogo vinavyozuia pini isichomoke hupotea upesi. Kabla ya kukata tiketi, tazama kiti kilicho chini, pale kinaposhikana na gurudumu. Ukiona waya uliosokotwa au msumari uliokunjwa mahali pa kibanio, au kutu ya kahawia inachuruzika kutoka kwenye tundu la pini, rudi nyumbani na wanao. Fanya hivyo hivyo ukiona mguu mmoja wa gurudumu umezama mchangani baada ya mvua, au kusi inavuma kwa nguvu na bado wanapakia.

Yakiwa sawa hayo, wapandishe. Wakae nawe, mdogo katikati, chuma cha mbele kimefungwa. Na mwombe mwendeshaji akuonyeshe pini alizokagua asubuhi. Anayelijali gurudumu lake hatanuna.