Usizioshe zote: ushauri kwa anayetaka kidani cha nywele

Bibi yangu hakuwahi kuacha unywele wake hata mmoja sakafuni. Akimaliza kuchana, alikusanya zilizonasa kwenye kitana, akazisokota donge dogo na kwenda kulifukia chini ya mkomamanga. Kwetu Tanga jambo hilo halikuhitaji maelezo: mwenye nia mbaya akipata nywele zako, amekupata wewe. Kwa hiyo siku nilipomwomba nimkate msuko mmoja nitengenezee kidani, nilitegemea kufukuzwa. Aliniuliza tu, "Utavaa wewe au utauza?" Nikamwambia nitavaa mimi. "Haya, kata. Lakini usinipeleke sokoni, mjukuu wangu."

Mimi ni sonara. Kazi yangu ya kila siku ni madini ya fedha na pembe ya ng'ombe, na pembe ilinizoesha mapema, maana pembe na unywele ni ndugu: vyote ni keratini, protini ileile ya kucha. Ukiunguza pembe kidogo tu, karakana nzima inanuka nywele zilizoungua. Ndiyo sababu nasema maliza kwanza kulehemu, maliza tupa na msasa, kipoe kabisa, ndipo ulete nywele mezani.

Kidani cha bibi nilikiharibu mara ya kwanza. Alikuwa ameshafariki, na sikutaka kuziosha zile nywele kwa sababu zilikuwa bado zinamnukia. Nikazilaza kwenye kikombe cha fedha nikamimina gundi ya epoksi juu yake. Lakini zilikuwa zimenyweshwa mafuta ya nazi kwa miaka na miaka, na mafuta na epoksi havipatani. Viputo vikajaa pembeni mwa kila unywele, ukatanda ukungu mweupe, na baada ya siku tatu uso wa kidani ulikuwa bado unanata kidoleni. Nusu ya msuko ilipotelea humo. Nililia.

Kwa hiyo kabla ya lolote, gawa nywele mafungu mawili. Fungu la kidani lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, suuza mpaka maji yatoke safi, kisha lianike juu ya kitambaa kivulini siku mbili kamili, kwa kuwa unyevu nao huleta ukungu uleule. Fungu la pili usiliguse kabisa. Litie kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana humo hutoka jasho na kuota kuvu. Bahasha iingie kwenye kopo linalofunga vizuri: nondo wanaotoboa nguo za sufu hula nywele vilevile.

Siku hizi epoksi naitumia kwa nadra. Jua huigeuza njano, na kilichoingia humo hakitoki tena. Napendelea kidani chenye kioo na kifuniko, kinachoweza kufunguliwa. Hata Malkia Victoria wa Uingereza, baada ya mumewe Albert kufariki mwaka 1861, alivaa kidani chenye nywele za Albert ndani.

Ukitafuta mafunzo utakutana na mbinu za Ulaya, hasa za wanawake wa kijiji cha Våmhus nchini Sweden, waliokuwa wakisafiri nchi kwa nchi katika karne ya 19 wakisuka mikufu na hereni za nywele juu ya meza yenye tundu katikati. Ni kazi ya kustaajabisha, ila ilibuniwa kwa nywele ndefu za singa. Za kwetu za kipilipili usizinyooshe kwa pasi ili zifanane na zile. Ziache zijikunje zenyewe chini ya kioo. Hakuna sonara anayeweza kuchora mikunjo kama ile. Kama ni za rasta, zinafinyangwa kwa viganja vyenye maji hadi ziwe shanga ngumu za kutoboa kwa sindano. Na huhitaji nyingi. Melanie Bilenker, msanii wa vito wa Marekani, huchora picha nzima za maisha ya nyumbani kwa nywele zake mwenyewe, unywele mmoja mmoja kama mstari wa kalamu.

Mteja akija, nami namuuliza kwanza, kama bibi alivyoniuliza mimi kabla ya kukubali: ni za nani, na mwenyewe au familia yake wameridhia? Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataza kuuza na kununua nywele za binadamu, basi nalipwa madini ya fedha niliyotumia na ufundi wangu tu, na mwenye shaka namwomba akamuulize shehe wake kwanza. Wazazi wanaoleta nywele za mtoto alizonyolewa siku ya saba nawapimia kwenye mizani yangu, watoe sadaka ya madini ya fedha ya uzito huo au thamani yake kabla hatujazungumza kidani. Anayeleta singa za mkia wa tembo namrudisha. Hizo ni nyara za serikali, na mnyama hakuulizwa.

Kidani cha pili cha bibi ninacho shingoni ninapoandika haya. Kina nywele kumi na moja tu, safi, hazinuki chochote. Bahasha iko kabatini. Naifungua Idi mbili kwa mwaka, haraka, na kuifunga. Mafuta ya nazi yameanza kuchacha, lakini chini yake bado yupo.