Mtoto wa PP1 Hajui Kusoma? Ngoja Nikueleze Yaliyonipata

Wiki iliyopita mama mmoja wa Nakuru aliniandikia usiku wa manane. Mwanawe ana miaka minne, yuko PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, na mtoto wa jirani wa rika lake tayari anaandika jina lake. "Wangu hata penseli anaishika kama mwiko. Nimtafutie tuisheni?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu mama huyo ni mimi wa zamani.

Kifungua mimba wangu alianza chekechea 2019, mwaka ambao mtaala mpya wa umilisi (CBC) ulianza kutumika Kenya nzima. Tuliishi Manyatta, hapa Kisumu. Kila jioni nilimkalisha mezani nikamwekea nukta za herufi azifuate kwa penseli, kurasa mbili. Akikosea, nafuta, anaanza upya. Siku moja nilimchapa mkononi. Dholuo, lugha yetu Wajaluo, niliipiga marufuku nyumbani. Nilitaka Kiingereza kitupu. Nilimfundisha majina ya herufi kwa Kiingereza, "em", kisha "ei", halafu namwambia zikiungana zinakuwa "ma". Angejuaje? Mtoto akaanza kunyamaza, hata na wenzake.

Mwaka uliofuata nikampeleka shule moja ya binafsi kwa mahojiano. Aliulizwa angependa kusoma wapi, akajibu, "Sule hii." Walimu wakacheka mbele yake. Dholuo haina sauti ya "sh", na ulimi uliokulia humo huchukua muda kuizoea. Mimi nilijua hivyo na bado nilinyamaza. Mpaka leo nikipita karibu na lile lango, kifua hubana.

Aliyemwokoa ni mamangu, kule Siaya. Likizo ya Desemba alikaa naye jikoni wakichagua maharagwe, anamsimulia sigana, yaani hadithi za Kijaluo, anamtegea vitendawili. Zamani Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo watoto walikusanyika usiku kusikiliza hadithi. Mama hakuiita masomo. Lakini Januari mtoto alirudi akiongea tangu asubuhi hadi usingizi umchukue.

Ni mwalimu wake wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, katika shule ya umma, aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba katika shughuli za lugha mtoto huanza kwa kusikiliza na kuzungumza, ndipo aandaliwe kusoma na kuandika. Zile nyimbo na makofi tunazoziona kama mchezo zinafundisha sikio kukata neno vipande: ba-ba, sa-ma-ki. Asiyesikia kwamba "meza" na "maji" yanaanza kwa sauti moja, herufi m kwake ni mchoro tu. Vidole navyo vina masomo yao: kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchora mchangani. Hata kujua kitabu kinafunguliwa upande gani, na kwamba macho hutoka kushoto kwenda kulia, ni somo kamili.

Kwa binti yangu nilifuata njia hiyo tangu mwanzo. Sikumnunulia daftari. Tuliongea tu, sokoni Kibuye, kwenye matatu, tukichambua sukuma wiki. Mwezi uliopita, akiwa PP2, alisimama mbele ya kibanda akasoma polepole, "sa-ma-ki", akanigeukia. Nililia pale pale, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, acheni kushindanisha watoto kama jogoo. Zungumza na mwanao. Zungumza naye kwa lugha unayoimudu, iwe Dholuo, Luhya, Gikuyu au Kiswahili. Sera ya elimu ya Kenya yenyewe inataka wadogo wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao hadi Gredi ya 3. Msimulie, umwulize, umsubiri ajibu. Usimkatize akikosea sauti, wewe litamke neno vizuri uendelee. Na tena, zungumza naye. Mzazi anayelipia tuisheni ya mtoto wa miaka minne huku jioni nzima yuko kwenye simu, anamnyima kile ambacho hakuna mwalimu atakayeweza kumpa.

Mama wa Nakuru, hiyo pesa iweke. Leo jioni mwaga maharagwe kwenye ungo, mkae chini wawili, umtegee: nyumba yangu haina mlango. Akisema yai, mwulize amejuaje. Akisema kitu kingine kabisa, mwulize vilevile, kisha uniandikie alivyokujibu.